Siku moja na mimi huku mochwari

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika. Kabla hata sijavaa gauni na buti naangalia kwanza kipimo cha joto cha majokofu, yanatakiwa yakae kati ya nyuzi 2 na 4, yakipanda hakuna familia itakayokuelewa. Alafu tunapita droo moja moja na mwenzangu anayetoka zamu ya usiku, rejesta mkononi, tunalinganisha jina na tagi ya mguuni. Wengi mnadhani kazi yetu ni kuvuta droo tu na kwamba lazima tulewe ndo tuiweze. Mi silewi.

Saa 2 mpaka saa 4 ni kupokea miili ya wodini na kuvalisha. Mwili ukishakakamaa shati halilazimishwi, unakanda bega na kiwiko taratibu mpaka vilegee, na mi huwa naongea nao, samahani mzee, nipe mkono kidogo. Mwenzangu haongei nao kabisa, anasema ukiwaongelesha usiku hulali.

Familia nazo ndo hivyohivyo. Wapo wanaotaka kuzika kabla jua halijazama, dakika 10 za kusubiri karatasi kwao ni kumtesa marehemu, na wapo watakaosubiri wiki 2 mtoto aliye ng'ambo afike. Leo kuna mama kaingia, kamshika mumewe mguu, kasema "amepumzika", katoka bila chozi, nyuma yake shemeji analia mpaka kakaa chini. Msije mkamsema yule mama hana uchungu, nimeshaona wa aina yake wanarudi baada ya mwezi kuuliza tu alikuwa droo ipi.

Saa 5 ndo kaja kaka mmoja, mtu mzima, hamsini na kitu, baba yake tunaye tangu juzi. Kasimama mlangoni haingii, simu sikioni, anafoka, mbona mnachelewesha, mbona sanduku halijafungwa, au mnataka hela. Namwambia kaka, lazima ndugu mmoja autambue mwili ndo tuutoe, anasema we funga tu nakuamini. Sasa kufunga kwa kuaminiwa siwezi, ukikosea hapo mtu anaenda kuzika baba wa mwenzie. Tumevutana zaidi ya saa nzima, anatoka, anarudi, anatoka, mara mdogo wangu atakuja, na mimi nina miili mitatu inanisubiri, miguu inawaka moto, na kila neno ni we kijana, we kijana, kama nimemwibia. Nilikasirika kwa kweli. Alafu nikamwangalia vizuri nikaona ule mkono wenye simu unatetemeka, na simu yenyewe imezima, kioo cheusi, hakuna mtu anayeongea naye.

Nikaacha kubishana. Nikamwambia nafunua uso tu, na mi nitasimama hapa hapa pembeni yako.

Akaingia. Kaangalia weee, alafu kwa sauti ndogo, "mbona ndevu zimeota?" Nikaona anachokitumaini. Nikamweleza kwamba hazijaota kaka, ngozi ndo inakauka inasinyaa, vishina vinatokeza nje. Akanyamaza. Akasema mzee wake hajawahi kutoka nyumbani bila kunyoa, kisha akaomba wembe.

Nikampa, na krimu nyingi, nikamwambia aende polepole maana ngozi ya marehemu ikikwaruzwa haiponi, pale panakauka panabaki alama ya kahawia. Mi nikashika kichwa. Anavuta shavu kwa kidole gumba, anapitisha, anafuta wembe, na alipofika chini ya pua akawa anakunja mdomo wake mwenyewe, kama vile ananyoa uso wake.

Sijui tulimaliza saa ngapi. Ile miili mitatu nimeifanya bila kukaa, alafu meza, alafu sakafu, dawa, rejesta, mgongo hata kunyooka haunyooki.

Nyumbani giza limeshaingia, mama kaniwekea maji ya kuoga. Mama yangu kifo anakiongelea kama safari ya kesho kutwa. "Siku yangu ikifika mwanangu unioshe wewe, nisishikwe na mgeni." Mi ninayeshika marehemu kila siku huwa namkatiza, mama acha hayo maneno bana. Leo karudia tena. Nikamwambia sawa mama, nikachukua ndoo nikaingia kuoga.