Siku mbili kwenye njia ya Mkwawa: Lugalo, Kalenga, Mlambalasi

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka tisa, na kila mwaka Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa aliyepigana na Wajerumani, nilikuwa nammaliza kwa mstari mmoja ubaoni: 1891 Lugalo, 1894 Kalenga, 1898 akajiua. Mwaka jana mtoto wa kidato cha pili alinyoosha mkono. "Mwalimu, toka 1894 mpaka 1898 alikuwa wapi?" Nikamjibu, "Porini." Akaandika "porini" kwenye daftari lake, na mimi nikakosa amani. Likizo ya Juni ilipofika nikapanda basi la Iringa.

Nilimwomba kondakta anishushe Lugalo. Ukishapanda Kitonga na kupita Ilula kwenye matenga ya nyanya, uko karibu. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipouvizia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, yule aliyeitwa Nyundo. Mapigano hayakuchukua muda, Zelewski akauawa, na bunduki kwa mamia zikabaki mikononi mwa Wahehe. Mnara uliopo ni wa kumbukumbu ya Wajerumani waliokufa. Nilisimama pale nusu saa hivi. Mkwawa hakukimbia Lugalo, alishinda, lakini nilitaka kuanzia hapo kwa sababu kilichomfuata baadaye kilitokana na siku ile. Wajerumani hawakuisamehe.

Usiku nililala Iringa mjini. Ukienda mwezi wa sita au wa saba chukua koti, baridi ya kule si ya kutania. Asubuhi nikapanda daladala ya Kalenga, mwendo wa kama kilomita 15, nikashuka karibu na Mto Ruaha Mdogo. Kalenga ilikuwa makao makuu ya Mkwawa, imezungushiwa ukuta. Mwisho wa Oktoba 1894 Gavana wa Wajerumani, von Schele, alikuja na mizinga, ukuta ukavunjwa, ngome ikachukuliwa. Mkwawa akapenya na kutoweka.

Makumbusho ya Kalenga ni madogo, lakini sikutoka haraka. Ndani ya kisanduku cha kioo kuna fuvu. Baada ya kifo cha Mkwawa kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba uleule uliogawa mipaka ya Ulaya, ukaweka kifungu cha 246 kuitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi ikawa miaka. Ni Edward Twining, Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, aliyelitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, na mwaka 1954 likarudishwa Kalenga, akakabidhiwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Haya nilikuwa nayajua kwa kusoma. Kusimama mbele ya kioo kile nikiwa nimevua kofia ni jambo lingine.

Kazi ilianza baada ya hapo. Mlambalasi, mahali Mkwawa alipofia, iko kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, upande wa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Nilipatana na kijana wa bodaboda kwenda, kunisubiri na kurudi, nikampa nusu ya hela kwanza na nusu nikabaki nayo. Njia yenyewe hakuwahi kuipita. Tulipitiliza tukaenda mbele sana, mpaka nikamwona mama mmoja anauza mahindi ya kuchoma.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Mnakwenda wapi na vumbi hilo?"

"Kwa Mkwawa."

"Kwa Mkwawa mmepaacha nyuma. Rudini, mtaona njia inaingia mkono wa kushoto." Halafu akaongeza, bila kuulizwa, "Lakini hata huku alikaa. Kote huku alikaa."

Nilinunua mahindi mawili tukageuza. Maneno yale sikuyasahau njia nzima. Fikiria: karibu miaka minne mtu anawindwa, ofisa wa Kijerumani Tom von Prince amejenga boma lake Iringa mwaka 1896, zawadi ya rupia 5,000 imetangazwa kwa atakayemleta, chakula cha vijiji kinachomwa ili asipate cha kula, na bado hakuna anayemtoa. Mdogo wake Mpangile, ambaye Wajerumani wenyewe walimsimika awe mtawala, walimnyonga 1897 wakimtuhumu kuwa anamsaidia kaka yake. Kwa hiyo "porini" niliyomwambia yule mtoto lilikuwa jibu la uongo. Alikuwa kwa watu. Alikuwa jikoni kwa wanawake waliomfichia unga, na kwenye vichaka ambavyo wachungaji walivijua na wakanyamaza. Kati ya Kalenga na Mlambalasi sikuona jiwe hata moja linalowataja hao, na hilo liliniuma kuliko kisanduku cha kioo.

Mlambalasi tulifika jua limeanza kulala. Kuna miamba mikubwa, pango ambalo wanaakiolojia wamechimba na kupata mifupa ya watu wa kale sana, na kaburi. Tarehe 19 Julai 1898 doria ya Sajini Merkl ilikuwa imemkaribia. Mkwawa alikuwa mgonjwa, amebaki na mtumishi wake. Hakutaka kushikwa, akajipiga risasi. Kiwiliwili kiko hapa, kichwa kiko Kalenga. Kijana wangu wa bodaboda, mzaliwa wa Iringa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini wasivizike pamoja?" Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa jibu la haraka tena. Tukakaa kimya mpaka akasema giza litatukuta njiani.

Muhula ulipofunguliwa nilichora ramani ubaoni: nukta tatu, na kati ya nukta ya pili na ya tatu nikaacha nafasi kubwa. Nikamwita yule mtoto aandike. Alifikiri kidogo, akaandika "kwa watu", kisha akageuka: "Mwalimu, watu gani?"

Desemba narudi. Safari hii sianzii kwenye mnara, naanzia kwa yule mama wa mahindi, na nitakwenda na daftari.