Nauli ya Treni, Tozo ya Daraja, na Anayestahili Kubeba Mzigo New York

Kila alfajiri mimi hutoka Bronx kwenda Queens, zote sehemu za jiji la New York, kumhudumia bibi mmoja ambaye hawezi tena kujipikia wala kuoga peke yake. Nikipanda treni, inanilazimu kwanza kushuka hadi Manhattan ndipo nirudi upande wa mashariki, kwa hiyo huchukua basi la Q44 linalovuka daraja la Bronx-Whitestone. Tukiwa juu ya daraja, magari ya watu binafsi yaliyo kando yetu hukatwa tozo, nasi abiria hupita kwa nauli ile ile tuliyolipa tulipopanda.

Ndiyo maana mwaka 2025, MTA, yaani mamlaka inayosimamia treni, mabasi, madaraja saba na mahandaki mawili ya jiji hili, ilipotangaza mapendekezo ya kupandisha malipo, niliyasoma kwa makini. Nauli ya treni za chini ya ardhi na mabasi ilipendekezwa kutoka dola 2.90 hadi 3, na tozo ya madaraja makubwa, kwa wenye E-ZPass ya New York, yaani kifaa cha garini kinacholipa tozo chenyewe, kutoka dola 6.94 hadi 7.46. Bodi iliyapitisha mwezi Septemba baada ya vikao vya kusikiliza wananchi, na viwango vipya vikaanza tarehe 4 Januari 2026. Ukipiga hesabu, nauli iliongezeka kwa takriban asilimia 3.4 na tozo kwa asilimia 7.5, na mimi naona kwamba uwiano huo ulikuwa wa haki, ingawa wenye magari wengi walilalamika kwamba wanalipishwa gharama za treni wasizozipanda.

Malalamiko hayo yanasahau historia. Kwa miaka mingi mamlaka ya madaraja, chini ya Robert Moses, ilikusanya tozo na kuitumia ziada yake kujenga madaraja na barabara zaidi, huku treni zikichakaa. Mwaka 1968, wakati wa Gavana Nelson Rockefeller, mamlaka hiyo iliunganishwa na MTA, na tangu hapo ziada ya tozo husaidia kuendesha usafiri wa umma. Mwenye gari naye hufaidika, kwa sababu kama mamilioni ya abiria wa treni wangeingia barabarani kila mmoja na gari lake, yeye asingefika kazini.

Kwangu jambo hili si geni, kwa kuwa nimekulia Mombasa, ambako katika kivuko cha Likoni gari hulipa na mtu wa miguu huvuka bure. Hatukuwahi kuiona hiyo kuwa dhuluma. Mwenye gari alichukua nafasi kubwa kwenye feri na alikuwa na uwezo zaidi, na mama aliyebeba kikapu cha samaki alivuka kwenda kutafuta riziki yake bila kuulizwa senti.

Sisemi kwamba nauli isipande kamwe. New York iliwahi kuishikilia nauli ya treni kwenye senti 5 tangu mwaka 1904 hadi 1948, na wakati kila kitu kingine kikipanda bei, reli zilikosa fedha za matengenezo. Tangu 2009 utaratibu umekuwa kuongeza kidogo kidogo kila baada ya miaka miwili hivi, na ongezeko la 2021 liliahirishwa kwa sababu ya janga la korona. Wala sisemi kwamba kila mwenye gari ni tajiri. Mkazi wa Staten Island, kisiwa kilicho sehemu ya jiji hili, hana treni ya kumfikisha sehemu nyingine za jiji, na daraja pekee linalomtoa kwake kuingia Brooklyn ni Verrazzano-Narrows. Wakazi wa huko hupewa punguzo, nami naliunga mkono.

Linaloniuma ni mahali pengine. Jiji lina mpango wa Fair Fares unaowapa watu wa kipato cha chini nusu nauli, lakini mtu anayeishi peke yake na kufanya kazi saa 40 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 16.50 kwa saa, huhesabiwa kuwa amezidi kiwango. Upo pia ukomo wa malipo, ambapo baada ya safari 12 ndani ya siku saba unasafiri bure, na huo humfaa mwenye kazi ya kila siku. Mwenzangu mmoja hupewa zamu tatu tu kwa wiki. Safari zake ni sita, hivyo hulipa kila moja kikamilifu, ilhali ndiye mwenye kipato kidogo kuliko sisi sote.

Katika vikao vijavyo nitajiandikisha kuzungumza, na katika dakika chache nitakazopewa nitaomba kiwango cha kipato cha Fair Fares kipandishwe hadi kimfikie anayelipwa kima cha chini, kabla nauli haijaongezwa tena hata senti 10.