Nafasi Mbele ya 256

Simu ilitoka Arua, Ijumaa jioni, mvua ikiwa imeifunga Kampala. Mama mmoja mwenye duka alikuwa anasubiri mzigo uliopakiwa kwenye basi la usiku pale Arua Park, kituo cha mabasi cha Kampala, na programu yetu ya kufuatilia vifurushi ilimwambia hana mzigo wowote. "Mwanangu, mimi nimetumiwa picha ya risiti," alisema. Nikatafuta namba yake ya simu kwenye Android yangu: mzigo huu hapa. Nikaazima iPhone ya mwenzangu, kijana wa Bombo, nikaandika namba ile ile: hakuna. Mama naye alitumia iPhone, aliyoletewa na mwanawe. Wateja wetu wengi walikuwa na Android, ndiyo maana kosa lilijificha muda wote huo.

Kumbukumbu za seva, kompyuta inayozijibu simu zote, hazikusaidia mwanzoni, kwa kuwa namba zilifanana kwa macho. Kijana akashauri kila namba inayofika izungushiwe alama za kunukuu kabla ya kuandikwa kwenye kumbukumbu. Herufi 13 pande zote mbili, kama inavyotakiwa: alama ya kujumlisha, 256 ya Uganda, kisha tarakimu 9. Ila kwa iPhone herufi ya kwanza haikuwa "+". Ilikuwa nafasi tupu.

Alama ya "+" ina maana mbili kwenye anwani ya wavuti. RFC 3986, waraka wa mwaka 2005 wa kanuni za anwani hizo, inairuhusu ibaki kama ilivyo kwenye maulizo, yaani sehemu inayokuja baada ya alama ya kuuliza. Desturi ya fomu za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, iliyo ya zamani zaidi na inayofuatwa na seva nyingi, huisoma kuwa nafasi. Kwenye Android tulitumia appendQueryParameter ya Uri.Builder, ambayo huisimba "+", yaani huigeuza kuwa msimbo wa asilimia, %2B, ambao seva huurudisha kuwa "+". Kwenye iPhone tulitumia URLComponents, zana ya kuunda anwani, na orodha yake ya maulizo, queryItems: husimba "&" na nafasi vizuri tu, lakini "+" huiacha ipite. Kila upande ulikuwa na kanuni yake ya kujitetea, na mzigo wa mama hauonekani.

Kijana akasimba namba mwenyewe kwanza, kisha akaitia kwenye queryItems. Ikawa mbaya zaidi. URLComponents iliikuta ile alama ya asilimia, ikaisimba nayo kuwa %25, namba ikasafiri ikiwa na %252B mbele. Seva husimbua, yaani hurudisha misimbo kuwa herufi, mara moja tu, kwa hiyo ilibaki na "%2B256" na kwenda kuitafuta hivyo hivyo.

Iliyokubali ni hii: namba ghafi, isiyosimbwa, inaingia queryItems, halafu ndani ya percentEncodedQuery, yaani maulizo yakiwa yameshasimbwa, kila "+" inabadilishwa kuwa "%2B". Hapo hakuna hatari, maana nafasi zote zimeshakuwa %20, na "+" yoyote iliyobaki ni ya kweli. Tulijaribu na "Musa & Wanawe", na "Arua Park", na neno la Kiganda "eŋŋoma", ambalo kila ŋ yake lazima itoke %C5%8B; ikitoka kingine, kuna mahali maandishi hayasimbwi kwa UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuandika herufi za lugha zote. Katika kupekua tukakuta URLEncoder, zana ya lugha ya Java upande wa Android, imetumika kwenye njia ya anwani, sehemu iliyo kabla ya alama ya kuuliza, si kwenye maulizo. Yenyewe huandika nafasi kama "+", na kwenye njia hakuna anayeirudisha kuwa nafasi. Tukaweka Uri.encode badala yake, ambayo huandika nafasi kama %20.

Kuna aliyetaka seva igeuze kila nafasi kuwa "+" tulale mapema. Nilikataa, vituo vingeanza kuitwa "Arua+Park". Tulikubaliana iwe kwa sehemu ya namba ya simu peke yake, tena nafasi ya mwanzoni tu. Mstari huo wa programu ya seva haukuondolewa, kwani wapo waliobaki na toleo la zamani na hawana bando la kupakua jipya.

Mama alipokea mzigo wake alfajiri, kwa ile picha ya risiti, kabla hatujamaliza.