Mita mia mbili za Ami

Ami yangu alifanya kazi melini miaka mingi, chumba cha injini, na saa aliyoinunua Dubai mwaka 1998 alikuwa haivui hata akienda kuoga. Ilikuwa saa ya wapiga mbizi, ya Kijapani, nzito, kifungo chake kiko upande wa namba nne na hufungwa kwa kuzungushwa mpaka kikaze. Usoni imeandikwa mita 200.

Mwaka 2013 mwanawe alipata kazi Nungwi, kuwapeleka wageni kupiga mbizi, na Ami akaamua kumpa ile saa. Binamu yangu aliipokea kwa mikono miwili, kisha akanivuta pembeni: juzi baba ametoka kuoga, kioo kina ukungu kwa ndani.

"Jasho tu hilo," alisema Ami nilipomgusia. "Mita mia mbili, imeandikwa."

Mkanda ulikuwa umechanika, tukapata kisingizio cha kumpeleka kwa fundi Darajani.

Fundi alisikiliza habari ya ukungu, akauacha mkanda. Alitoa chombo cha plastiki nene kinachoonesha ndani, nusu kina maji, na pampu ya mkono ubavuni. Akaitundika saa juu ya maji, ikiwa bado hewani, akafunga, akapampu mpaka mshale ukafika 3, yaani presha ya kina cha mita 30. Tukangoja. Alieleza kwamba kama kuna upenyo, hewa yenye presha inajipenyeza ndani ya saa wakati huo. Kisha akaizamisha, akaanza kulegeza presha taratibu, na hewa iliyoingia ikatafuta pa kutokea: vipovu vidogo, kimoja nyuma ya kingine, vikipanda kutoka kwenye kifungo. Fundi aliinyanyua saa haraka kabla presha haijaisha, maana ikiachwa majini hapo, maji nayo yanaingia.

Ami aliinama karibu na chombo. Hakusema kitu.

Mfuniko wa nyuma ulipofunguliwa, raba yake ya kuzuia maji ilikuwa bapa na kavu. Fundi aliikunja kidogo ikakatika kama tambi mbichi. Ya kwenye kifungo ilikuwa imechakaa zaidi, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu inasuguliwa kila unapofungua kurekebisha majira. Chumvi, sabuni na mvuke wa maji moto huimaliza polepole. Saa za mbizi zinazofuata kipimo cha kimataifa cha ISO 6425 hupimwa moja moja kwa presha inayozidi kwa robo, yaani ya mita 200 hupimwa kama iko mita 250, lakini hupimwa zikiwa mpya. (Saa za kawaida zilizoandikwa mita 30 ndizo zinazowaponza wengi. Hizo ni za kunawia mikono na kunyeshewa na mvua. Mtu wa kuogelea namshauri aanzie 100.)

Fundi alisafisha mfereji wa raba kwa kijiti, akapaka raba mpya grisi ya silikoni, kidogo sana, na kabla ya kufunga akakwaruza mwezi na mwaka ndani ya mfuniko. "Unanichafulia saa," alisema Ami. Fundi akajibu kwamba ni kwa ajili ya fundi atakayefuata.

Ikarudishwa kwenye chombo, safari hii mpaka 6. Hakikutoka kipovu hata kimoja.

"Sasa pandisha mpaka 20," Ami akaagiza.

"Chombo changu mwisho wake 6, mzee."

"Kwa hiyo unanirudishia saa ya mita sitini!"

Fundi hakubishana naye. Alimgeukia binamu yangu, akamuuliza anazama wapi. Akajibu kwamba wageni wanaoanza mwisho wao mita 18. "Basi mwakani uilete tena tuipime," fundi akasema, akaanza kutafuta mkanda.

Tulipotoka nje Ami alimshika mwanawe mkono. "Ukitoka baharini uisuuze kwa maji baridi. Kifungo usikiguse ukiwa chini. Na ukienda kuoga maji moto, ivue. Mimi sijui vijana mnaogaje na saa."

Binamu yangu aliniangalia, akaitikia, "Sawa, baba."