Umekagua kamba?

Jumamosi tulikuwa tunahamisha kabati kwa kirikuu kutoka Kimara. Hata kilomita tano hatujafika, nikamwambia kijana aweke gari pembeni. Mwanangu akashangaa: "Baba, si umeifunga mwenyewe sasa hivi? Unakagua nini tena?" Nikamjibu kwamba kamba hulegea. Ni kweli, ila nilimpa nusu ya jibu.

Nilikuwa na miaka 19, utingo kwenye Fuso, mwezi wangu wa tatu. Tulipakia Mafinga mbao za paini, mbili kwa sita, futi 12, zimetoka kwenye msumeno siku ileile. Mbao mbichi zina utomvu na unga wa msumeno, zinateleza. Lori likianza kutikisika zinakaa upya, rundo linashuka, na kamba uliyoiacha imekaza inabaki inacheza. Yangu ilikuwa ya nailoni, ambayo ikilowa hurefuka. Ya katani ni kinyume: hukaza ikilowa, hulegea ikikauka. Na Iringa tulikuta mvua.

Kamba nne nilizirusha juu, nikazivuta vizuri. Lakini kati ya mzigo na ubao wa mbele wa bodi niliacha nafasi ya shibiri, na safu mbili za juu zilikipita kimo cha ubao huo. Kamba inayopita juu inaukandamiza mzigo tu. Kinachouzuia usiende mbele ni msuguano. Breki kali huusukuma kwa nguvu inayoweza kufika asilimia 80 ya uzito wake. Safu zile mbili hazikuwa na kizuizi chochote mbele.

Ilula tukasimama kula. Dereva akaniuliza, "Dogo, umekagua kamba?"

"Nimekagua, mzee."

Sikuwa nimezigusa.

Kwenye mteremko wa Kitonga tulikuwa gia ya pili nyuma ya semi iliyokuwa inajivuta. Kwenye kona semi ikasimama ghafla, na dereva wangu akakanyaga. Kwanza nikasikia mkwaruzo mrefu juu ya vichwa vyetu, kama mtu anaburuta kitanda. Halafu juu ya kioo ikatokea ncha ya ubao. Ilikuja taratibu, ya njano, na pembeni yake lilining'inia tone la utomvu. Ikasimama kiasi cha dhiraa moja mbele ya kioo. Lile tone likarefuka, likakatika, likaangukia wiper. Hakuna aliyesema neno. Mkono wake ulikuwa bado kwenye gia.

Nikashuka na gogo, nikalisukuma chini ya tairi. Tulizishusha safu zile mbili, tukazilaza nyuma, kisha tukausukuma mzigo wote ukagusa ubao wa mbele. Akanikatia vipande vya tyubu kuukuu, vingine vya kulaza kati ya safu ili zishikane, vingine vya kuweka kwenye kona, kamba isikatwe. Kisha akanionyesha kamba ambayo sikuwa naijua: inapita mbele ya vichwa vya mbao za juu, inarudishwa nyuma kwa kushuka, huku na huku, hadi kulabu za ubavuni. Hiyo ndiyo inayokataa mzigo kwenda mbele. Akafunga upande wake, mimi wangu. Kisha akazunguka akaja kuukanyaga wangu kwa kiatu. Haukucheza.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni, Mikumi, na tena kabla ya Morogoro. Kila mara alishuka mwenyewe, akabonyeza kila kamba kwa kiganja, na mimi nikimfuata nyuma. Swali la Ilula hakulirudia, siku ile wala miaka miwili iliyofuata tuliyofanya kazi pamoja. Sijui kama alijua. Amekwisha kufariki, na sikuwahi kumwambia.

Jumamosi, wakati nawaza hayo, mwanangu alikuwa ameshazunguka upande wa pili. Akabonyeza kamba kwa kiganja.

"Baba, hii ya huku inacheza."

Tukaifungua, tukaanza upya.