Mkanda kwenye kikapu ni wa kukubakiza ndani

Kila kundi jipya la kujifunza mashine zinazoinua watu kwenye kikapu likija yadini kwetu, Themi, Arusha, lazima atokee mmoja wa kuuliza: "Dada, kikapu kina reli pande zote, sasa mkanda wa mwilini wa nini?" Nalipenda swali hili, maana anayeliuliza amekitazama kikapu na kufikiri. Reli zinamzuia mtu anayeteleza. Hazimzuii anayerushwa.

Menilifti ya mkono mrefu ikitumbukiza tairi kwenye kishimo, aliye chini anaona mashine imetikisika kidogo tu. Kule juu, kwenye ncha ya mkono ulionyooshwa, mtikisiko uleule umeshakuwa mkubwa: kikapu kinazama, kinarudi kwa nguvu na kumfyatua aliyemo kama jiwe la manati. Na yadi nyingi za hapa Arusha baada ya masika zina mitaro iliyofukiwa kijuujuu, ukiikanyaga inatitia. Kwa hiyo kabla hawajagusa vitufe, nawatembeza kwa miguu njia yote mashine itakayopita.

Sasa kamba, ile inayounganisha mkanda na kikapu. Vijana wengi wanafika wameizoea ile ya mita 1.8 yenye kifyonza mshtuko, wakiamini itawadaka. Piga hesabu: urefu wa kamba, kifyonza kinavyokunjuka, urefu wa mwili wako kutoka mgongoni hadi nyayoni, na nafasi ya akiba. Inakaribia mita 5.5 chini ya pale ulipojifunga. Chalii anayebadilisha taa ya ghala kwenye mita 4 atafika sakafuni kamba ikiwa bado haijamaliza kazi yake. Ndani ya kikapu nataka kamba fupi, isiyokuruhusu hata kuvuka reli. Na ndoano ikae pale mtengenezaji alipoweka alama, si kwenye reli, wala si kwenye boriti ya paa iliyo karibu. Ukijifunga kwenye boriti halafu kikapu kikasogea, mashine itakutoa yenyewe.

Sizalifti, ile inayopanda wima kwa miguu ya mkasi, ina hatari yake nyingine. Hapo reli zikiwa kamili na mlango umefungwa, ndizo kinga yako kuu, mradi usizipande na usiweke ndoo ya kusimamia. Adui mkubwa ni upepo. Oktoba 2010, katika chuo kikuu cha Notre Dame, Marekani, mwanafunzi aliyekuwa juu ya sizalifti akirekodi video ya mazoezi ya timu alifariki baada ya upepo kuiangusha mashine nzima. Mashine ikilala, mkanda unalala nayo. Soma kibao cha mashine: nyingi za kazi za nje zina kikomo cha upepo cha mita 12.5 kwa sekunde, na zipo za ndani tu ambazo hazitakiwi kuonja upepo kabisa.

Kinachoniuma ni vibarua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri mafunzo na vifaa, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wanaisimamia. Lakini deiwaka aliyeokotwa getini asubuhi anapandishwa saa nne, kisa ni mwepesi na haogopi. Nimeshawahi kumkataza fomani wa saiti moja mbele ya watu, akanuna. Anune. Yule kijana hakuwa ameonyeshwa hata kitufe chekundu cha kusimamisha mashine.

Na chini je, nani anajua kumshusha aliye juu? Mtu akining'inia kwenye mkanda bila kusogea, damu inatuama miguuni, na ndani ya dakika chache anaweza kuzimia, hata kufa. Utapiga 114, ndiyo, ila Zimamoto nao watakutana na foleni ya jioni. Kwenye mashine, chini, kuna vidhibiti vya pili na njia ya dharura ya kushusha kikapu hata injini ikizima. Mara nyingi anayevijua ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliye juu.

Basi Jumamosi tunafanya mazoezi ya kushusha kikapu, kila mmoja kwa mkono wake. Nimemwita mlinzi, na mama ntilie pia. Yeye huwa yupo yadini kutwa nzima.