Fremu Kwanza, Turubai Baadaye

Mteja anayenipigia simu kuhusu bango la ukutani huanza na swali moja: kulichapisha ni shilingi ngapi kwa mita ya mraba? Turubai la PVC la kawaida lina uzito wa gramu 440 hadi 510 kwa mita ya mraba, hivyo bango la mita 6 kwa 10 halifiki kilo 35, na vijana wawili hulibeba begani bila shida. Kinachoninyima usingizi ni upepo.

Upepo wa kilomita 54 kwa saa ukilipiga bapa bango hilo hilo, hulisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 800, na kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara 4. Tena ukutani mara nyingi bango halisukumwi bali huvutwa, kwa sababu upepo unaopita ubavuni mwa jengo hulinyonya kwenda nje, na ukipata upenyo wa kuingia nyuma yake hulijaza kama tanga.

Katika kazi zangu za mwanzo hapa Dar es Salaam nililifunga bango kwa vikamba vya plastiki, kwenye bolti nilizozikaza katika matofali yenye uwazi ndani. Upepo wa kusi ulipovuma siku tatu mfululizo, turubai halikuchanika katikati. Pete za ukingoni ndizo zilizong'oka moja baada ya nyingine, kila iliyong'oka ikiiachia jirani yake mzigo wote, mpaka kona ikaanza kulichapa dirisha la mpangaji. Kioo nilikilipia mimi.

Sasa nafunga fremu ya alumini yenye mfereji, na turubai hushonewa kamba ukingoni ili litelezeshwe humo na mzigo ugawanyike upande mzima. Mafundi wa majahazi, ambao matanga yao hushonewa kamba ukingoni kabla ya kufungwa kwenye foromali, yaani mti unaobeba tanga, wasingeshangaa. Fremu yenyewe huishika kwenye nguzo na mihimili ya zege, kamwe si kwenye plasta, kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, nikiweka washa za plastiki katikati, kwani metali hizo mbili zikigusana penye chumvi ya bahari, alumini huliwa. Penye madirisha natumia turubai la wavu. Wale wanaokata vitundu vya nusu mwezi kwenye turubai zima ili upepo upite huanzisha tu mchaniko.

Tangazo likibadilika, hakuna tundu jipya linalotobolewa. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaamka, tunalegeza skrubu, tunateremsha la zamani kwa kapi na kulipandisha jipya. Baada ya juma moja narudi kukaza tena, maana turubai jipya hulegea kwa joto. Safari hiyo naiweka kwenye bei tangu mwanzo, kwa kuwa mteja akiulizwa baadaye hujibu kwamba bango liko sawa.